Vitanda vya deka vya watoto ndani ya basi la kuishi: maswali mnayouliza kila siku

Mbukwenyi wadau. Maswali ya vitanda vya watoto yamekuwa mengi kuliko ya injini, kwa hiyo nayajibu yote hapa kwa mpigo. Kuna mwenye basi limekaa kiwanjani Nala hapa Dodoma anasubiri nyumba ifike lenta, kuna anayezunguka nalo Kondoa, Singida, Manyoni kikazi na familia iko humo humo. Majibu yanatofautiana kidogo kwa hao wawili, ila kitu kimoja ni kilekile: kitanda cha kwenye basi usikihesabu kama fenicha, kihesabu ni sehemu ya bodi. Ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Basi langu la ndani ni fupi, deka itaingia kweli au watoto watakuwa wanagonga vichwa?

Deka, yaani kitanda juu ya kitanda, inaingia, ila upime baada ya kung'oa siti, kapeti, keria za mizigo za juu na dari kama unaibadilisha, sio kabla. Watu wanapima basi likiwa na keria bado zimening'inia afu wanakata tamaa bure.

Tuchukue mfano wa basi lenye sentimita 188 katikati kutoka sakafu mpaka dari. Chaga za kitanda cha chini ziweke sentimita 25 kutoka chini, hapo panapita mabegi na viatu. Godoro la inchi 4 ni sentimita 10, umefika 35. Mwachie mtoto wa chini nafasi ya sentimita 68 mpaka kwenye fremu ya juu, umefika 103. Fremu na chaga zake kama sentimita 6, halafu godoro la juu 10, jumla 119. Inabaki 69 mpaka dari. Mtoto wa miaka saba au nane anakaa wima hapo bila shida akiwa upande wa korido, ila dari la basi limejikunja likienda ukutani, kwa hiyo upande wa ukuta atainama, na huko ndiko anakoweka ubavu akilala, kwa hiyo haina neno. Sasa ukitaka godoro la inchi 6 juu na chini, sentimita 10 zimeondoka hapo hapo, na watoto wako wanakaa kama wako chini ya meza. Inchi 4 nzito inatosha mtoto, usidanganywe na muuza magodoro.

Kosta na wenzake wadogo hesabu ni ya kubana zaidi. Deka inawezekana lakini mtoto wa juu hakai, anatambaa na kulala tu. Kama dari ni chini ya sentimita 180 mimi nashauri vitanda viwili vya chini vya kukaa pande mbili, muachane na deka.

Nivipange kufuata urefu wa basi au nivikingamishe?

Kwenye basi kubwa upana wa ndani ni kama mita 2.3. Ukiweka vitanda vya futi 2.5 pande zote mbili kufuata urefu, kila kimoja kinakula sentimita 76, unabaki na korido kama sentimita 78, nzuri kabisa, mtu mzima anapita na ndoo. Ukikingamisha, kitanda cha futi 6 kinaingia na nafasi inabaki, ila unaziba njia ya kwenda nyuma, kwa hiyo hiyo ni ya mwisho kabisa wa basi tu.

Mimi ni mtu wa kufuata urefu. Sababu kubwa ni kwamba vitanda vinashikana na ukuta kwa urefu wote, na ukutani ndiko kuna mbavu za basi, yaani vyuma vinavyobeba bodi. Pia ukipaki sehemu yenye mteremko wa kwenda mbele au nyuma, mtoto aliyelala kufuata urefu anageuzwa tu kichwa kiende upande wa juu, wakati aliyekingamishwa anabiringika. Wenye viwanja vya udongo wa mbuga mnajua mvua za Januari zikishika basi linavyozama upande wa nyuma polepole, asubuhi unakuta waliokingamishwa wamerundikana ukutani.

Angalia pia tairi za nyuma zinapotokeza ndani. Hapo pasikutishe, kitanda cha chini kinapita juu yake vizuri tu, unachopoteza ni uwazi wa kuweka mabegi. Na kama injini iko nyuma usijenge kitanda juu ya mfuniko wa injini bila kuwa na njia ya kuufungua, siku gari likizingua fundi atakuomba ubomoe chumba cha watoto. Halafu pale nyuma panabaki na joto masaa kadhaa baada ya safari.

Chuma au mbao?

Hapa ndipo watu wanapogombana. Wale wa Marekani wanaogeuza mabasi ya shule ya njano, mnawaona YouTube, karibu wote wanajenga kwa mbao za mbili kwa nne za paini na skrubu, na vinakaa. Ila mbao zao zimekaushwa kwenye tanuri kabla hazijafika dukani, na hawajui tuta letu lile ambalo halina alama, achilia mbali rasta, vile vituta vidogo vidogo, tano mfululizo kila mnapokaribia kijiji.

Mbao zetu nyingi za paini na saipresi zinatoka Mafinga na Njombe, kule kuna baridi na unyevu, zinashushwa Dodoma bado zina maji. Dodoma mvua yenyewe ni kama milimita 570 kwa mwaka, na kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Ubao mbichi ukiuleta huku ukaufunga siku hiyo hiyo, ndani ya wiki chache umejikunja, umepasuka kwenye skrubu, na kitanda kimeanza kulia. Ukitaka mbao, zinunue mapema, zipange kivulini kwa tabaka na vijiti katikati ili hewa ipite, juu weka mawe, zisahau mwezi mmoja au miwili. Ndo uzirande sasa. Na risiti tunza, ukisafirisha mbao lazima uwe na karatasi zake.

Mninga ni mtamu, haujikunji ovyo na wadudu hawaupendi, ila uzito wake na bei yake, mmh. Weka ubao mmoja wa mninga pale mtoto anaposhika kupanda kama unataka kujidai, basi.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni fremu ya chuma, chaga za mbao. Chuma kwa sababu kinaunganika na mbavu za basi kwa bolti na hakijali ukavu, mbao kwa chaga kwa sababu ni nyepesi, zinapumua na ikivunjika moja unabadilisha hiyo moja.

Ninunue nini na nini? Nipe hesabu ya deka moja, sio bei maana bei zinabadilika kila siku.

Sawa. Deka moja ya vitanda viwili vya futi 2.5 kwa 6:

Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, mabomba matatu ya mita 6. Bomba moja linatosha fremu ya kitanda kimoja (mbili ndefu, mbili fupi), kinachobaki ndio mkono wa katikati. La tatu linatoa miguu minne ya mita 1.4. Skwea ya 25 kwa 25 milimita 1.5, mabomba mawili, hayo ni ya kizuizi cha juu na ngazi. Mbao za moja kwa nne za futi 12, saba: kila ubao unatoa chaga nne, unahitaji chaga 13 kila kitanda ukiacha mwanya wa kama sentimita 5. Bolti za milimita 10, nati za kujifunga zenye plastiki ndani, washa pana, vipande vya bati nene la milimita 3, praima ya chuma, rangi, misumari ya skrubu ya chaga.

Vyote hivyo ni kama kilo 80 kabla ya godoro. Basi lilikuwa linabeba watu hamsini na mizigo yao, kwa hiyo kilo 80 sio mzigo kwake, tatizo linakuwa ukijaza upande mmoja tu: deka mbili kushoto, tanki la maji kushoto, jiko kushoto, kulia kuna pazia. Gawanya.

Fundi akikuambia tumia skwea ya milimita 1 itakuwa rahisi, mwambie asante. Ile inatobolewa na welding yenyewe, na pale ilipotobolewa ndipo itakapokatikia.

Unasisitiza kufunga kwenye bodi. Kwani kitanda kizito hakikai chenyewe?

Nyumbani kinakaa. Kwenye basi hakikai, hata kama ni cha mninga mtupu. Ukifunga breki ghafla ukiwa kilomita 60, kila kitu kinataka kuendelea mbele, na deka kwa kuwa iko juu inataka kupinduka kwanza. Na kwa basi lililopaki tu kiwanjani, watoto watatu wakipanda juu kwa pamoja kushangaa dirishani kitanda kisichofungwa kinalala upande.

Ukuta wa basi ni bati jembamba nje, bati au faiba ndani, katikati kuna mbavu za chuma zinazozunguka kutoka sakafuni mpaka darini. Zinazobeba ni hizo mbavu. Skrubu uliyoipiga kwenye bati la ndani itang'oka kama jino la mtoto, inaanza kucheza kidogo kidogo mpaka siku moja iko mkononi. Kuzipata mbavu sio kazi: fuata nguzo za kati ya madirisha, au angalia matundu ya keria za zamani za mizigo, zile zilikuwa zimefungwa kwenye mbavu hizo hizo na mara nyingi unaweza kutumia matundu yale yale. Sumaku ndogo nayo inasaidia kama ukuta ni wa faiba.

Kila deka ishike mbavu angalau mbili, kila ubavu sehemu mbili, usawa wa fremu ya chini na usawa wa fremu ya juu. Sakafuni piga bolti ipite mpaka chini ya basi, na kule chini weka kile kipande cha bati la milimita 3, ukubwa wa kiganja, ndipo nati. Bila hicho kipande bolti inavuta plaiwudi ya sakafu mpaka inapita nayo. Kabla hujatoboa, mtu aingie chini ya basi aangalie, kuna mabomba ya upepo wa breki, waya, na tanki la mafuta. Hii sio ya kuotea. Mwenye drili juu, mwenye tochi chini, mnaongea.

Nati ya kawaida inafunguka kwa mtetemo, ndio maana nimesema za kujifunga. Baada ya safari ya kwanza ya rafu rodi pita na spana ukaze zote, halafu piga alama ya rangi kutoka kwenye nati kwenda kwenye chuma, siku nati ikizunguka mstari unapishana na unaona kwa macho tu.

Tabaka la mpira kati ya chuma na ubavu, kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha, kinaua kelele. Kelele za chuma kugusa chuma usiku upepo wa Agosti ukipiga basi zitakutoa ndani.

Si nichomelee tu moja kwa moja kwenye mbavu?

Unaweza, ila utajuta siku ya kutaka kukitoa. Na kuchomelea ndani ya basi kuna masharti yake: betri ichomolewe nyaya zote mbili, basi za kisasa zenye kompyuta ya injini hiyo nayo ichomolewe, klempu ya athi ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, foronya zote, sponji na kapeti vitoke nje, mtu asimame na ndoo ya maji na mchanga, na baada ya kumaliza mkae nusu saa mnaangalia. Cheche inaingia nyuma ya ukuta kwenye sponji ya insuleshen (ya kuzuia joto), inafuka taratibu, nyie mmeshaenda kula. Bora fundi achomelee fremu nje chini ya mti, ziingizwe vipande vipande mlangoni zifungwe ndani kwa bolti. Afu hata mlango wenyewe, deka nzima ya kuchomelewa haipiti, pima mlango kwanza.

Fundi wa mtaani wa vitanda anaweza au nitafute fundi wa bodi za mabasi?

Fremu mpe wa mtaani, yule anayetengeneza madirisha na mageti, anaijua skwea kuliko mtu yeyote. Kufunga, mpe wa bodi au simama mwenyewe. Fundi maiko, yaani wa kubahatisha, utamjua kwa swali moja: muulize atafunga wapi. Akipiga ukuta kwa ngumi akasema hapa hapa, lipa nauli yake arudi.

Mtoto wa miaka mingapi anaruhusiwa kulala juu?

Miaka sita kwenda juu. Viwango vya Marekani na vya Ulaya vyote vinasema chini ya sita asilale juu, na hapo wanazungumzia kitanda kilichotulia ndani ya nyumba. Najua kuna mama ataniambia wa kwake ana miaka minne anapanda mti wa mwembe mpaka kileleni. Kupanda anajua, sikatai. Kulala ndo hajui, usiku anageuka kama feni.

Kizuizi kiwe pande zote nne, hata upande wa ukuta, maana kati ya godoro na ukuta wa basi unaojikunja kuna uwazi. Marekani wanataka kizuizi kipite juu ya godoro inchi 5 angalau, Ulaya sentimita 16. Tumia 16. Na ipimwe kutoka juu ya godoro, sio kutoka kwenye chaga, ndo maana nikasema ukibadilisha la inchi 4 ukaweka la inchi 6 kizuizi chako kimeshakuwa sentimita 11 bila wewe kugusa kitu.

Mwanya: usiache uwazi unaozidi inchi 3 na nusu popote ambapo mtoto anaweza kupenya, kati ya bomba na bomba, kati ya kizuizi na godoro. Mtoto mdogo kiwiliwili kinapita, kichwa kinanasa, na huko chini miguu inaning'inia. Hili halina mzaha. Na kamba zozote zisining'inie kitanda cha juu: mkanda wa begi, mtandio, khanga iliyofungwa kama pazia la kamba, waya wa chaja. Pazia likiwepo liwe la kupita kwenye reli fupi na livutike likadondoka kirahisi.

Ngazi?

Ya kufungwa kwa bolti, sio ya kuegeshwa. Vipandio vinne, vipana, ubao juu ya bomba maana bomba tupu linaumiza unyayo. Iwe upande wa miguuni.

Juu kuna joto balaa mwezi wa kumi na moja. Mtoto anashuka usiku kuja kulala sakafuni. Nifanyeje?

Mtoto ana akili. Oktoba na Novemba Dodoma jua linapiga paa la bati kuanzia saa moja asubuhi, na joto la ndani linapanda juu, sasa yule wa kitanda cha juu uso wake uko sentimita sitini kutoka kwenye bati lililopikwa kutwa nzima. Anza na paa kabla hujagusa kitanda.

Rangi nyeupe kwenye paa, hii ni ya kwanza na ni ya bei rahisi kuliko zote, tofauti unaisikia siku hiyo hiyo ukiweka kiganja darini. Kivuli ni ya pili, kama basi limepaki muda mrefu jenga kibanda cha makuti au turubai juu yake kikiwa kimeinuka, hewa ipite kati ya turubai na paa, ukililaza turubai juu ya bati umetengeneza tanuri. Insuleshen darini ni ya tatu, sponji ngumu ya inchi moja mpaka mbili kati ya mbavu, na ufunike na plaiwudi nyembamba. Watu wanaruka moja kwa moja kwenye ya tatu wanaacha ya kwanza, sijui kwa nini.

Halafu hewa. Kitanda kisizibe dirisha. Panga urefu wa vitanda ufuate madirisha, kila mtoto awe na dirisha lake la kuteleza, wa chini lake linaishia mabegani, wa juu mara nyingi anapata ule ukingo wa juu tu wa kioo. Kwa huyo wa juu tumia tundu la dharura la darini kama basi lako linalo, lile likiinuliwa kidogo usiku joto lote linatoka hapo. Weka wavu wa mbu kwenye tundu na madirisha. Feni ndogo ya volti 12 inayolenga miguuni, inakula umeme kidogo sana. Chini ya godoro pia hewa ipite, ndio kazi ya mianya ya chaga, plaiwudi nzima chini ya godoro inafanya mgongo ulowe jasho.

Na Juni, Julai?

Geuza stori. Usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi na bati linakuwa la barafu. Anayelala chini ukutani ndiye anaumia. Ubao au kapeti ukutani usawa wa godoro, blanketi la ziada, acha dirisha moja wazi kidogo. Msiwashe jiko la mkaa ndani kupasha joto, hata dakika kumi, hata madirisha yakiwa wazi. Mkaa unaua bila harufu na watoto ndio wa kwanza.

Kunguni, mchwa, vumbi, nge?

Kunguni walikuja na basi. Siti za zamani zote, foronya zote, kapeti, vitoke kabla ya kujenga chochote, halafu pulizia kwenye mianya ya mbavu na ukuta kabla haujafunikwa. Fremu ya chuma yenye mabomba yaliyozibwa ncha kwa kuchomelea haiwapi pa kujificha, bomba lililoachwa wazi ni hosteli yao.

Mchwa wa huku wanapanda mpaka tairi. Basi lililokaa miezi bila kusogea, zunguka kila wiki uangalie njia za udongo kwenye tairi na kwenye mawe uliyoegemezea. Chaga zipakwe dawa ya mbao na zikauke kabisa nje kabla hazijaingia watoto.

Vumbi la Agosti na Septemba halina dawa kamili. Magodoro yawe na mfuko wa zipu, unautoa unakung'uta na kufua. Nge anapenda viatu chini ya kitanda, ndiyo sababu ya zile sentimita 25: upate kupita na ufagio.

Wangu ni kikojozi, nisemeje?

Analala chini, kwanza. Na sio adhabu, mwambie ni karibu na mlango. Pili godoro lifungwe nailoni chini ya shuka, na chaga zake zipake vanishi mikono miwili mpaka kwenye ncha, mkojo ukiingia kwenye mbao mbichi hautoki, na kwenye basi lililofungwa saa nane mchana kila mtu atajua. Fremu ya chuma nayo inashika kutu kwenye maungio, kwa hiyo praima ifike kila kona kabla ya rangi. Usimpe kitanda cha juu ati kwa sababu ni mkubwa, wa chini naye ni mtoto wa watu.

Wanaweza kulala kitandani tukiwa safarini? Dodoma mpaka Arusha ni mbali.

Hapana. Hapana ya juu wala ya chini. Basi likitembea, kila mtoto yuko kwenye siti yenye mkanda, acha siti mbili tatu za mbele za asili zenye miguu yake ya chuma, ndio zilizofungwa vizuri kuliko kitu chochote utakachojenga. Mtoto aliyelala kwenye milima ya Kolo ukikata kona anarushwa koridoni, mkanda wa siti unaofungwa kitandani hausaidii, mwili umelala hauushiki. Mkichoka pakini, laleni wote.

Moto ukitokea mlangoni watoto watatoka wapi?

Swali zuri na hamliulizi sana. Kabla hujafunga bolti hata moja, amua kutoka kitandani mtoto anatokea wapi mbali na mlango wa mbele. Mlango wa nyuma, dirisha la dharura, tundu la darini. Kitanda kisilizibe, na wavu wa mbu uliowekwa hapo ufunguke kwa mkono wa mtoto. Wafundishe, wafanye wenyewe mchana, wafungue waruke kwenye mikono yako. Mtungi wa gesi mbali na vitanda, kizima moto kidogo kiwe kati ya jiko na watoto. Kengele ya moshi ya betri iwekwe darini karibu na kitanda cha juu, moshi unapanda huko kwanza.

Nina watoto wanne. Naweza kupanga ghorofa tatu?

Piga ile hesabu ya juu tena uone inayobaki. Deka mbili zinazotazamana, biashara imeisha.

Taa na chaji?

Kila kitanda taa yake ya LED ya volti 12 na swichi yake, waya ipite ndani ya bomba au kwenye mfereji, pale inapotoboa chuma weka mpira, na fyuzi iwepo. Chaji ya simu iwe kwa wazazi mbele. Sielezi sana hapo.

Kadi ya gari inakuwaje? Trafiki hatanisumbua?

Kadi inatoka TRA, mamlaka ya mapato, na imeandikwa aina ya bodi na siti. Ukishang'oa siti ukaweka vitanda, gari halifanani tena na kadi, kwa hiyo likaguliwe na taarifa zibadilishwe TRA kabla ya kuingia barabarani, na mwambie na mtu wa bima, bima ya basi la abiria sio bima ya nyumba inayotembea. Mambo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya wanaobeba abiria kwa nauli. Kama basi limepaki tu kiwanjani, mtembelee mwenyekiti wa mtaa umwambie familia ipo, ni ustaarabu na siku ya wizi utamhitaji.

Wakikua?

Fremu ya futi 6 inampeleka mpaka kidato cha tatu, nne hivi. Ndio maana nasema bolti: siku ukitaka, unashusha kitanda cha juu, cha chini kinakuwa kochi, miguu unaikata.

Wanataka rangi ya pinki na ya bluu, nikubali?

Kubali. Nunua tu iliyoandikwa haina risasi (lead), hasa kwenye vizuizi maana wadogo wanatafuna mabomba wakiota meno, paka nje kama fremu bado hazijafungwa, na uache madirisha wazi wiki nzima kabla hawajalala.